Kondoo na pumzi ya mtoto njiti

Somo la kujadili katika kamati



Kondoo na mbuzi tumewazungumzia mara nyingi katika kurasa hizi. Tumeongea juu ya banda lililoinuliwa, dawa za minyoo, beberu wa mbegu, na utaratibu wa kumpa jirani mbuzi jike wa kwanza anayezaliwa. Safari hii tunamtazama mnyama huyo huyo akiwa mahali ambapo wengi wetu hatujawahi kumwona, yaani katika utafiti wa tiba ya binadamu.

Tunafanya hivyo kwa sababu ya jambo lililo mezani kwetu. Maombi ya kusaidia wodi za wazazi mara nyingi huwa na mstari mmoja unaosema "sindano za kukomaza mapafu ya mtoto". Dawa yenyewe ni ya bei nafuu, na mstari huo hupita bila swali. Sisi tunadhani unastahili swali. Dawa hiyo tuliipata kupitia kondoo, na ilichukua nusu karne kujua ni wapi inaokoa na ni wapi inaweza kudhuru. Anayeifahamu historia hiyo atalisoma ombi la fedha kwa macho mengine.

Kwa nini kondoo, si panya

Wanyama wanaotumika zaidi katika utafiti ni panya. Ni wadogo, wanazaa haraka, na kuwalisha si gharama. Lakini panya ana mipaka yake. Huwezi kumwekea vali ya moyo iliyotengenezwa kwa ajili ya mtu mzima, wala kujaribu kwenye mguu wake chuma cha kuunga paja lililovunjika. Kondoo mzima ana uzito unaokaribia wa binadamu, moyo wake unalingana kwa ukubwa na wetu, na mifupa yake hubeba mzigo wa kweli. Tena ni mpole, na namna ya kumtunza inajulikana tangu zamani. Ndiyo maana vali za moyo na vifaa vya kuunga mifupa hujaribiwa kwa kondoo kabla ya kuingia katika mwili wa mgonjwa. Mbuzi naye hutumika, hasa katika uchunguzi wa gegedu la goti.

Mwanzo wa mambo haya ulikuwa wa papara. Mwezi Juni 1667, huko Paris, daktari Jean-Baptiste Denis alimwekea kijana wa miaka 15 damu ya mwanakondoo. Kijana alinusurika. Mgonjwa mwingine, ambaye yeye aliwekewa damu ya ndama, alifariki mwaka uliofuata, kesi ikafika mahakamani, na baadaye kazi hiyo ikapigwa marufuku Ufaransa. Leo tunajua kwamba damu ya mnyama haipatani na ya mtu, na tunashangaa kwamba yule kijana alipona.

Kisa kinachojulikana zaidi ni cha Louis Pasteur na ugonjwa wa kimeta. Mwezi Mei 1881, katika kijiji cha Pouilly-le-Fort, alichanja nusu ya kundi la kondoo na kuiacha nusu nyingine, kisha tarehe 31 Mei wote wakaambukizwa kimeta kikali. Watu walipokusanyika tarehe 2 Juni, waliochanjwa walikuwa hai, na wale wengine walikuwa wamekufa au wanakata roho. Lakini hapo kondoo hakuwa amesimama badala ya mtu. Kimeta ni ugonjwa wake mwenyewe, na chanjo ilikuwa yake. Kisa tunachotaka kukikalia leo ni kile ambacho kondoo alipimwa, na aliyepona ni mtoto wa binadamu.

Mapafu yanayogandana

Tarehe 7 Agosti 1963, mke wa Rais John F. Kennedy wa Marekani alijifungua mtoto wa kiume, Patrick, zaidi ya wiki tano kabla ya wakati. Mtoto alikuwa na uzito wa kilo 2 na kidogo, uzito ambao wakunga wetu wengi wameupokea mikononi mwao. Alifariki tarehe 9 Agosti akiwa na umri wa saa 39. Baba yake alikuwa mkuu wa taifa tajiri kuliko yote, na madaktari hawakuweza kumsaidia kupumua.

Tatizo lilikuwa hili. Ndani ya mapafu kuna vifuko vidogo sana vya hewa, na vifuko hivyo vina unyevu. Unyevu huvuta kuta zake zishikane, kama mfuko wa plastiki uliolowa unavyogandana hadi ukashindwa kuufungua kwa vidole. Mtoto aliyetimiza miezi yake huwa ametengeneza utelezi unaofanya kazi kama sabuni, ambao wataalamu huuita safaktanti, na vifuko vyake hubaki wazi baada ya pumzi ya kwanza. Mtoto njiti hana utelezi huo wa kutosha. Kila pumzi kwake ni kazi kubwa kama ile ya kwanza, hadi anachoka. Mwaka 1959 Mary Ellen Avery na Jere Mead, watafiti wa Marekani, walikuwa wameonyesha kwamba watoto waliokufa kwa shida hiyo walipungukiwa na safaktanti. Chanzo kilijulikana. Dawa haikuwapo.

Mwanakondoo wa Auckland

New Zealand ni nchi yenye kondoo wengi kuliko watu. Katika jiji la Auckland, kwenye hospitali ya wanawake, alikuwapo daktari wa uzazi aliyeitwa Mont Liggins. Yeye hakuwa anatafuta dawa ya mapafu. Swali lake lilikuwa la zamani na lilionekana rahisi: ni nani anayeamua kwamba saa ya kuzaliwa imefika, mama au mtoto? Aliamini kwamba kama angejua kinachoanzisha uchungu, angeweza kuuzuia usije kabla ya wakati.

Swali hilo huwezi kumpasulia mwanamke. Panya naye hafai, kwa kuwa huzaa watoto wengi wadogo kwa mkupuo. Kondoo huzaa mmoja au wawili, mwana wake hukaribia mtoto wa binadamu kwa uzito, na mji wa mimba wa kondoo huvumilia upasuaji na kufungwa tena bila mimba kutoka. Liggins alimpasua kondoo mwenye mimba, akaiharibu tezi ndogo iliyo chini ya ubongo wa mwana aliye tumboni, kisha akaurudishia mshono. Siku za kuzaa zikapita na uchungu haukuja. Basi dalili ilikuwa wazi kwamba, kwa kondoo, mwana ndiye anayetoa ishara.

Akageuza jaribio. Aliwaingizia wanakondoo walio tumboni homoni zile ambazo tezi hiyo huziamsha, za jamii ya kotisoli. Mama zao wakapata uchungu mapema, kama alivyotarajia. Mimba ya kondoo huchukua siku 147 hivi, na mmoja wa wanakondoo hao alizaliwa karibu mwezi mzima kabla ya wakati. Mwana wa umri huo hana uwezo wa kupumua, kwa hiyo alipaswa kukutwa amekufa. Alikutwa anavuta pumzi, kwa shida lakini anavuta. Hakuishi. Liggins alipoyapasua mapafu yake, aliona kwamba sehemu yake ilikuwa imejaa hewa.

Tunaomba msomaji atue hapa kidogo. Jaribio lilikuwa limekwisha kujibu swali lililoulizwa, na mtu mwenye haraka angeandika "uchungu umeanza mapema" na kufunga daftari. Liggins aliuliza kwa nini yule aliyepaswa kufa alipumua. Akafikiri kwamba huenda ile homoni iliyaharakisha mapafu kukomaa. Matokeo ya kondoo yalichapishwa mwaka 1969. Mwishoni mwa mwaka huo huo, yeye na daktari wa watoto Ross Howie walianza kuijaribu sindano kwa akina mama.

Jaribio lao lilikuwa na akina mama 282 waliokuwa katika hatari ya kujifungua mapema. Baadhi walipata dawa ya betamethasoni na wengine sindano ya kulinganishia isiyo na nguvu hiyo. Matokeo yalitoka mwaka 1972. Miongoni mwa akina mama ambao uchungu uliwajia wenyewe, watoto waliokufa siku za mwanzo walikuwa asilimia 3.2 upande wa dawa na asilimia 15 upande wa pili. Watoto waliopata shida ya kupumua walikuwa asilimia 9 kwa 25.8.

Walipofanana na walipoachana

Wafadhili wetu wengine hutuandikia wakisema kwamba utafiti wa wanyama hauna maana, kwa sababu mnyama si mtu. Kisa hiki kinawapa haki nusu, na nusu kinawanyima.

Lile swali la kwanza la Liggins, la nani anaanzisha uchungu, kondoo alilijibu vizuri kwa ajili ya kondoo tu. Kondo la nyuma la kondoo, likipata ishara ya kotisoli kutoka kwa mwana, huibadilisha homoni inayoilinda mimba, na uchungu huanza. Kondo la nyuma la mwanamke halina uwezo huo. Kwa hiyo sindano iliyoleta uchungu kwa kondoo haileti uchungu kwa mama. Fikirini ingekuwaje kama tungefanana katika hilo pia: sindano ya kumsaidia mtoto kabla hajazaliwa ingekuwa ndiyo inayomtoa tumboni kabla ya siku zake. Dawa hii inatufaa kwa sababu tunafanana na kondoo katika mapafu na tunaachana naye katika uchungu. Hakuna aliyeweza kulijua hilo kwa kumtazama kondoo peke yake. Ilibidi akina mama wakubali kujaribiwa.

Wafugaji wana mfano wao wa jambo hili. Mwanambuzi au mwanakondoo asiyenyonya dang'a siku ya kwanza huwa dhaifu na mara nyingi hufa, kwa sababu kondo la nyuma la mama yake halipitishi kinga. Kinga yote huja na dang'a. Mtoto wa binadamu anahitaji maziwa ya kwanza kwa sababu nyingi, lakini sehemu ya kinga ameshaipokea akiwa tumboni. Mtafiti wa kinga ya watoto wachanga anayetumia kondoo bila kukumbuka tofauti hiyo atapotea njia.

Kondoo waliendelea kutoa ushahidi hata baada ya dawa kuingia hospitalini. Madaktari wengine walianza kurudia sindano kila wiki wakidhani kwamba nyingi ni bora kuliko moja. Watafiti wa Australia Magharibi walionyesha kwa wanakondoo kwamba dozi za kurudiarudia humpunguzia mwana kukua akiwa tumboni. Onyo hilo lilifika kabla madhara hayajawa makubwa, na sisi tunaona kwamba hiyo nayo ni kazi ya mnyama wa majaribio, ingawa haitajwi sana: kutuzuia.

Kutoka hospitali kubwa hadi kijijini

Ungetarajia kwamba baada ya 1972 sindano hiyo ingeenea. Haikuenea. Majaribio mengine yalifuata, mengi yakielekea upande ule ule, na bado madaktari wengi walisita. Ni mwaka 1994 tu ambapo jopo la wataalamu wa taasisi za afya za Marekani lilitamka wazi kwamba itumike. Nembo ya shirika la Cochrane, ambalo kazi yake ni kukusanya na kupima matokeo ya tafiti za tiba, imechorwa kutokana na majaribio saba ya sindano hii, iwe ukumbusho wa watoto waliokufa huku jibu likiwa kabatini. Kondoo walikuwa wamefanya sehemu yao miaka 25 kabla.

Sasa tunafika kwetu. Mahali ambapo watoto njiti hufa kwa wingi si Auckland wala Washington. Ni katika nchi kama zetu, na ilionekana jambo la akili kuipeleka dawa hii ya bei ndogo hadi kwenye zahanati. Kati ya 2011 na 2014 jambo hilo lilijaribiwa katika maeneo ya nchi sita: Argentina, Guatemala, India, Kenya, Pakistan na Zambia. Wahudumu wa ngazi za chini walifundishwa kumtambua mama aliye hatarini. Pale ambapo tarehe ya mimba haikujulikana, walikadiria umri wake kwa kupima tumbo kwa utepe, kisha wakachoma sindano. Uzazi uliofuatiliwa ulikaribia 100,000.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2015, na yalikuwa mazito kuyasoma. Miongoni mwa watoto wadogo kabisa, dawa haikupunguza vifo kwa kiasi kinachohesabika. Na watoto wote walipowekwa pamoja, vifo vilizidi upande uliopata mpango huo: 27.4 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa hai, dhidi ya 23.9. Dalili za maambukizi kwa akina mama nazo zilikuwa nyingi zaidi.

Wataalamu wamejadiliana sana juu ya sababu. Wengi wa akina mama waliochomwa sindano hawakuzaa watoto njiti hata kidogo, yaani dawa ilimfikia mtoto asiyeihitaji. Dawa za jamii hii hushusha kinga ya mwili, na mahali penye maambukizi mengi hilo si jambo dogo. Tena mtoto njiti aliyekomazwa mapafu bado anahitaji joto, chakula na kinga dhidi ya maambukizi. Katika hospitali zilizoijaribu dawa mwanzoni vitu hivyo vilikuwapo tayari, na kwa sababu vilikuwapo, hakuna aliyevihesabu kuwa sehemu ya dawa.

Shirika la Afya Duniani halikuishia hapo. Liliendesha jaribio jingine katika hospitali 29 za Bangladesh, India, Kenya, Nigeria na Pakistan. Safari hii umri wa mimba ulipimwa kwa ultrasaundi, akina mama wenye dalili za maambukizi hawakuingizwa, na hospitali zilikuwa na uwezo wa kumtunza mtoto njiti. Akina mama 2,852 walishiriki. Jaribio lilisimamishwa mapema kwa sababu faida ilikuwa imeonekana: watoto waliokufa katika siku 28 za mwanzo walikuwa asilimia 19.6 kwa waliopata deksamethasoni, na asilimia 23.5 kwa wasiopata. Kwa akina mama, maambukizi hayakuongezeka. Matokeo hayo yalitoka mwaka 2020.

Dawa ya jamii moja, na katika majaribio yote mawili Kenya ilikuwamo. Upande mmoja vifo vilizidi, upande mwingine vilipungua. Kilichotofautiana ni yale yaliyoizunguka sindano.

Haki ya mnyama

Kuna wajumbe wanaouliza kama ni halali kumpasua kondoo mwenye mimba kwa faida yetu. Hatutaki kulipita swali hilo kwa mzaha. Ni kweli kwamba anayekula pilau ya mbuzi siku ya sikukuu hana nguvu nyingi za kumhukumu mtafiti. Lakini kumchinja mnyama upesi na kumweka katika majaribio kwa wiki kadhaa si kitu kimoja, na wanaofanya kazi hiyo wanalijua hilo. Tangu mwaka 1959, kufuatia kitabu cha Waingereza wawili, William Russell na Rex Burch, watafiti wanatakiwa kujiuliza mambo matatu: je, jibu linaweza kupatikana bila mnyama? Kama haliwezi, je, wanyama wachache zaidi wanatosha? Na je, maumivu yao yamepunguzwa kadiri inavyowezekana kwa dawa ya usingizi, matunzo mema na kumaliza mapema? Nchi nyingi zimeyaweka hayo katika sheria, na kamati maalumu hupitia kila jaribio kabla halijaanza.

Msimamo wetu ni kwamba kondoo wa Liggins hawakuteswa bure. Wanaotutia wasiwasi zaidi ni wale ambao huenda waliteseka bure, katika majaribio yaliyorudiwa baada ya jibu kujulikana, au yale ambayo matokeo yake hayakuchapishwa kwa kuwa hayakumpendeza mwenye fedha. Mfadhili wa utafiti ana nguvu ya kulizuia hilo kuliko mtu mwingine yeyote.

Mwaka 2017 watafiti wa Philadelphia, Marekani, walitangaza kwamba wameweza kuwaweka wanakondoo ambao hawajatimiza siku zao ndani ya mfuko wenye majimaji hadi wiki nne, kama vile bado wapo tumboni. Picha zake zilienea duniani. Tunautaja utafiti huo kwa heshima, lakini haupaswi kuingia katika bajeti ya parokia yoyote. Tunasema hivyo kwa sababu mambo ya aina hiyo huwa yanavuta moyo wa mtoaji kuliko blanketi na kipimajoto.

Pale mnyama anapofaidika pia

Kwa familia zilizopokea mbuzi wa mradi, upo utafiti mwingine ulio karibu zaidi na zizi. Homa ya Bonde la Ufa ilitambuliwa mara ya kwanza nchini Kenya, karibu na Ziwa Naivasha, mwaka 1930 na 1931, wanakondoo walipokufa kwa wingi na kondoo kutupa mimba. Mbu huieneza baada ya mvua kubwa, na mtu huipata hasa kwa kugusa damu na nyama ya mnyama mgonjwa. Mlipuko wa 2006 na 2007 uliua zaidi ya watu 100 Kenya na zaidi ya 100 Tanzania, mbali na hasara ya mifugo.

Chanjo ya zamani ya mifugo inaweza kuharibu mimba ya kondoo, na mfugaji anayejua hilo huogopa kuchanja. Watafiti, akiwamo George Warimwe wa kituo cha utafiti cha Kilifi, walitengeneza chanjo mpya kwa njia ile ile iliyotumika baadaye katika chanjo ya UVIKO-19 ya Oxford. Mwaka 2016 walichapisha matokeo kwamba iliwakinga kondoo, mbuzi na ng'ombe huko Kenya. Baada ya hapo chanjo hiyo hiyo ilianza kujaribiwa kwa watu wa kujitolea, kwanza Uingereza na kisha Uganda. Hapa kondoo ni mfano wa mtu na wakati huo huo ni mgonjwa mwenye haki ya dawa yake. Kama tungeulizwa ni utafiti wa aina gani unaostahili kupewa kipaumbele, tungeuelekea huu.

Kwa kamati inayopokea ombi

Turudi kwenye ule mstari wa sindano. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2022 unataka masharti yatimie kabla dawa haijatolewa. Umri wa mimba uwe umepimwa kwa njia ya kuaminika, na uwe kati ya wiki 24 na 34. Kuwe na uwezekano mkubwa kwamba mama atajifungua ndani ya siku 7. Asiwe na dalili za maambukizi. Na mahali alipo pawe na huduma ya uzazi inayotosha, pamoja na uwezo wa kumtunza mtoto njiti: kumpumulisha akizaliwa amelegea, kumweka katika joto, kumlisha, kumtibu maambukizi, na kumsaidia kupumua.

Kamati haina kazi ya kupanga dawa, na hatutaki mjumbe yeyote amwelekeze mkunga. Kazi ya kamati ni kuuliza kama mambo hayo yapo. Kama zahanati haina hata mfuko na barakoa ya kumpumulishia mtoto, fedha ya sindano ingefanya kazi zaidi kwenye mafuta ya gari, kwa maana mtoto njiti husafiri salama zaidi akiwa bado tumboni mwa mama kuliko akiwa amezaliwa. Kama ni kituo cha afya chenye ultrasaundi, ulizeni nani anaitumia na kama yupo siku za Jumapili.

Na kabla ya kununua vifaa vya gharama, ulizeni juu ya huduma ya kangaruu. Jaribio lililofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, na kuchapishwa mwaka 2021, lilihusu watoto wa kilo 1 hadi chini ya kilo 1.8. Wale waliowekwa kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, mara tu baada ya kuzaliwa, walikufa asilimia 12, na wale waliosubiri kwanza watulie walikufa asilimia 15.7. Kinachohitajika ni khanga, kitanda cha mama ndani ya wodi ya watoto, na muuguzi anayeruhusu. Kitanda hicho ndicho kinachokosekana mara nyingi, na ni kitu ambacho parokia inaweza kukitoa.

Maswali ya kujadili

Katika kituo cha afya kilicho karibu nasi, umri wa mimba unapimwaje, na mama huanza kliniki akiwa na miezi mingapi?

Mara ya mwisho mtoto njiti alipozaliwa katika eneo letu, nini kilifanyika katika saa yake ya kwanza, na nini kilikosekana?

Tukiwa na fedha ya kitu kimoja tu kati ya sindano, usafiri na vitanda vya akina mama wodini, tungechagua kipi, na tungemweleza nini mfadhili aliyetaka kingine?

Wafugaji wetu wakiona mimba za kondoo au mbuzi zinatoka kwa wingi baada ya mvua kubwa, humwambia nani, na habari huchukua siku ngapi kumfikia afisa mifugo?